Gundi iliyogandia kwenye chuma: jinsi visu vipya vilivyoonekana mtumba



Leo naongea na wale mnaouza vitu vyenye mbao na chuma kwa pamoja. Visu vya mpini wa mninga, vifungua soda, fremu, meza ndogo za miguu ya chuma, hata vile vibao vya majina vya mezani. Kama bidhaa yako imeshikwa na gundi ya tyubu mbili, yaani epoksi (wengi dukani tunaiita araldaiti hata kama sio yenyewe), hii inakuhusu. Na kama unanunua kwa fundi halafu unauza mtandaoni, inakuhusu zaidi, kwa sababu lawama inakuja kwako, haiendi kwa fundi.

Nianze na aibu yangu.

Nilipata oda ya visu 12 vya jikoni kutoka Dar. Dada mmoja alitaka kuvigawa zawadi kwenye send-off. Kwangu mimi niliyezoea kuuza kimoja kimoja kwenye status, hiyo ilikuwa oda ya kufunga mwaka. Fundi wangu wa pale Isevya akabandika mipini, tukapiga picha nzuri, usiku nikafunga mzigo kwa mwanga wa taa ya kawaida, asubuhi nikaukimbiza stendi. Kesho yake jioni naona voice note.

"Dada samahani, usinielewe vibaya. Hivi visu ni vipya au vilishatumika? Maana hapa mbao inapokutana na chuma naona uchafu uchafu, kama vilivunjika vikabandikwa tena."

Akatuma na picha ya karibu. Jamani. Pale mpini unapoanzia kulikuwa na mstari wa manjano, kama asali iliyokauka kwenye mdomo wa chupa. Kingine kilikuwa na alama ya kidole kabisa, kidole cha gundi, katikati ya bapa linalong'aa. Mimi sikuviona. Fundi hakuviona. Kamera ya mteja iliviona.

Halafu nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia, "Ni gundi tu mpenzi, kwangua taratibu na ncha ya kisu kingine itatoka." Akakwangua. Gundi ikatoka kidogo, na mng'ao wa chuma nao ukatoka. Nikarudisha hela yote, nauli ya mzigo kwenda na kurudi juu yangu. Viliporudi nikasema ngoja nivitengeneze mwenyewe, nikachukua msasa. Usicheke. Chuma kilichokuwa kama kioo kikawa na mabaka ya kijivu kama ukoga.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nimeyalipia.

Kitu cha kwanza ambacho hatuambiwi dukani: ikiwa chuma chako kimeshamalizwa, yaani kimeshang'arishwa, kimepakwa rangi au kimepigwa weusi, basi kazi ya gundi inatakiwa iishe kabla gundi haijakauka. Mbao unaweza kuipiga msasa na kuipaka mafuta tena ikarudi. Chuma kilichomalizwa hakikupi nafasi ya pili. Ukikiumiza, unarudi kwenye hatua za kiwandani ambazo mimi na wewe hatuna.

Watu wanaolijua hili kuliko wote ni mafundi wa bunduki. Kuna kazi yao moja ya kukilaza chuma cha bunduki kwenye kitako cha mbao kwa kutumia epoksi, ili chuma kikae bila kucheza hata kidogo na risasi ziende pale pale. Sasa fikiria ugumu wake: gundi inatakiwa ishike mbao, ikatae chuma, na ule weusi wa chuma usiguswe. Ndio maana wakaizoea gundi kuliko maseremala. Wao hutumia muda mwingi kuandaa na kufuta kuliko kubandika.

Tabora bunduki sio habari ngeni. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe na magobore yakawa bidhaa kama nguo na shanga. Mirambo, huko Urambo, alijenga nguvu yake kwa watu wenye bunduki hizo mpaka alipofariki mwaka 1884. Lakini tusichanganye mambo: leo silaha ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza au kuuza bila leseni ni kesi. Usije ukaniletea gobore la babu inbox ukitaka niliweke sokoni. Tunachochukua kwao ni ujuzi wa kusafisha, basi. Tunaupeleka kwenye kisu.

Ujuzi wenyewe naukumbuka kwa maneno matatu: maji, mpira, jiwe. Gundi ikishachanganywa inapita hali hizo tatu, na kila hali ina njia yake. Ukikosea njia ndio unaishia na msasa kama mimi.

Lakini kabla ya maji kuna maandalizi, na hapa Tabora tuna bahati. Tuna nta. Mkoa huu ni wa nyuki, Chuo cha Nyuki kiko hapa hapa mjini, na nta safi ya kipande unaipata bila kuhangaika. Epoksi haishiki kwenye nta. Kwa hiyo pasha chuma kidogo juani, sugua kipande cha nta sehemu ambayo hutaki gundi ikae, halafu futa kwa kitambaa mpaka ibaki tabaka jembamba ambalo hulioni kwa macho. Gundi ikimwagikia hapo, ikikauka inabanduka kama ganda.

Angalizo, na hapa watu wengi wataharibu: fundi wa bunduki anapaka kila panapogusa gundi kwenye chuma, kwa sababu anataka bunduki ifunguke baadaye. Wewe unataka mpini usifunguke milele. Kwa hiyo nta ikae NJE tu ya mstari wa mpini. Ikiingia ndani kwenye msuka, ile sehemu ya kisu inayoingia kwenye mpini, mpini utachomoka mteja akikata nyama ya mfupa. Mimi nafanya hivi: kwanza nabandika masking tepu kwenye msuka mpaka kwenye mstari, napaka nta upande wa bapa, naitoa tepu, halafu nafuta msuka kwa spiriti. Ndipo gundi. Usiyeyushe nta moja kwa moja kwenye jiko, inashika moto. Kama lazima uiyeyushe, weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto.

Ukiona nta ni kazi, tepu peke yake inasaidia. Ibandike kwenye bapa sambamba na mstari, uibonyeze ukingo wake kwa kucha. Lakini itoe gundi ikiwa bado haijawa jiwe, la sivyo inagandia humo humo na unakuwa na matatizo mawili.

Twende kwenye maji. Gundi ikiwa maji ndio saa yako ya dhahabu, na ni fupi kuliko unavyodhani. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwenye joto la wastani, kama nyuzi 25 hivi. Tabora mwezi wa kumi mchana tunapita 30, na kila joto likipanda nyuzi 10 muda wako unakatika karibu nusu. Kwa hiyo ile ya nusu saa usiitegemee nusu saa. Mimi Oktoba nabandika asubuhi mapema. Na usichanganyie kwenye kifuniko cha chupa, gundi ikirundikana inajipasha yenyewe na kuganda haraka; itandaze kwenye kipande cha bati au sahani.

Ukishabana mpini kwenye jiliwa, gundi itatoka pembeni. Hiyo ni nzuri, maana yake ndani imejaa. Sasa usiifute kwa kidole. USIIFUTE KWA KIDOLE. Kwanza, unaisambaza. Pili, epoksi mbichi inaweza kukuletea upele na mzio wa ngozi, na mzio huo ukishakuja unarudi kila unapoigusa. Vaa glavu. Na usinawe mikono kwa thina au asetoni, unaipenyeza zaidi kwenye ngozi. Sabuni na maji, mapema.

Zoa donge kwa kijiti cha meno au kijiti kilichochongwa bapa, ulipanguse kwenye karatasi, uzoe tena. Ukimaliza donge ndio uje na kitambaa. Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kiwe na unyevu wa spiriti, kisidondoke. Ukikilowesha sana spiriti inaingia kwenye kiungo na kuilegeza gundi ya ndani. Futa mara moja kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Usirudie na upande uliokwishatumika. Hapa ndipo ile alama ya kidole yangu ilitoka: fundi alifuta na kitambaa kile kile visu vyote 12, akawa anapaka tabaka jembamba la gundi ambalo likiwa bichi halionekani. Linajitokeza likikauka.

Wengine wanatumia siki nyeupe. Inasaidia gundi ikiwa bado mbichi, na ni rahisi kupatikana. Lakini siki ni asidi. Kwenye chuma cha kawaida kisicho stenlesi, usipofuta kwa maji, ukakausha na kupaka mafuta, kesho una kutu. Kwenye chuma kilichopigwa weusi kama wa bunduki, siki inaweza kuula ule weusi. Asetoni ina nguvu zaidi, na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi ndiyo hiyo hiyo, ila soma chupa, kuna zisizo na asetoni. Usiiguse kwenye chuma chenye rangi, kwenye plastiki wala kwenye vanishi ya mpini. Na usifanye hayo karibu na jiko la mkaa, tafadhali. Mvuke wa asetoni unashika moto kwa mbali.

Halafu rudi baada ya dakika kumi. Hiki ndicho kitu nilichokuwa sikijui kabisa. Jiliwa linaendelea kubana na gundi inaendelea kutoka taratibu hata baada ya wewe kufuta na kwenda kunywa chai. Yale makamasi ya manjano kwenye mipini yangu mengi hayakuwa ya kwanza, yalitoka baada ya fundi kuondoka.

Ikifika mpira. Usiguse kisu kujua, gusa mabaki ya gundi kwenye ile sahani ya kuchanganyia. Bonyeza kwa kucha: ikiacha alama lakini hainati, ndio hapo. Gundi ya dakika 5 inafika mapema sana, robo saa hivi. Ile ya taratibu inachukua masaa. Hali hii ni tamu kwa sababu gundi inakatika kama jibini na haisambai. Chukua kitu kilicho laini kuliko chuma: mwanzi uliochongwa kama patasi, kadi ya benki iliyoisha muda, kipande cha pembe ya ng'ombe. Kata kwanza kwenye mstari wa mpini, kisha sukuma kile kipande kitoke kwenye bapa. Ukianza kwa kuvuta bila kukata, unaweza kuchomoa na gundi ya ndani. Kama ulipaka nta, hapa inatoka vizuri mpaka unafurahi mwenyewe.

Ribiti za shaba zinahitaji jicho la pekee. Shaba ni laini, na gundi inapenda kujificha kuzunguka kichwa chake. (Zamani waya wa shaba ulikuwa kama hela kwenye njia ya misafara, ukilipwa hongo kwa machifu pamoja na nguo na shanga. Sasa tunaununua mita kwa mita tunakatia ribiti, na bado ndio unaofanya kisu kionekane cha bei.) Kijiti cha meno kilichokatwa ncha kinatosha. Usiingie na sindano.

Sasa jiwe. Hapa tuongee ukweli: hakuna dawa ya dukani itakayoyeyusha epoksi iliyokauka vizuri bila kuharibu kitu kingine. Anayekuuzia hiyo dawa anakuuzia asetoni. Ila tabaka jembamba kwenye stenlesi isiyo na rangi unaweza kulilegeza. Lowesha pamba kwa asetoni, iweke juu ya doa tu, funika na kipande cha nailoni isikauke, subiri dakika kadhaa, kisha ukwangue kwa plastiki. Rudia. Kuwa na subira, na pamba isiguse mpini.

Kwa donge, joto linasaidia. Epoksi za kawaida hulegea zikipata moto, kwa hiyo drayer ya nywele au kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kinaweza kuifanya iwe kama mpira tena kwa muda mfupi. Lakini fikiria: joto hilo hilo likifika ndani linalegeza na mpini. Pasha doa tu, sekunde chache, kwangua, acha ipoe. Na usije na moto wa gesi. Utaunguza mbao, na kisu kikipata moto sana makali yake hayakai tena.

Msasa, tupa, stilwaya ya kusugulia masufuria, viache kabisa kwenye chuma kinachong'aa. Kama chuma kina mistari ya kiwandani, chochote unachosugua kifuate mistari hiyo, usikate katikati. Kama kimepakwa rangi au kimepigwa weusi na gundi imeshakuwa jiwe, ushauri wangu ni uache. Doa dogo la gundi linauzika kuliko mkwaruzo mkubwa.

Na hapo tunafika kwenye biashara yenyewe.

Wanyamwezi walikuwa wapagazi wenye sifa kwenye njia ile. Walibeba mizigo kichwani na mabegani kutoka huku mpaka pwani, kama kilomita 800, kwa miezi. Mteja wa pwani aliushika mzigo, akaupima, akaugeuza, ndipo akalipa. Wewe na mimi tunapeleka mzigo njia ile ile kwa basi na mteja kashalipa kabla hajaushika. Kwa hiyo kugeuza kwake kunabidi tufanye sisi.

Mimi sasa sifungi mzigo usiku. Nasimama mlangoni asubuhi, nashika kisu mwanga uje kutoka ubavuni, sio kutoka juu. Mwanga wa ubavuni unaonyesha hata alama ya kidole. Napitisha kucha pale mbao inapokutana na chuma. Kucha ikikwama kuna gundi. Halafu nachukua video fupi nikikigeuza kwenye mwanga huo huo, naituma kwa mteja kabla sijaandika risiti. Sitii filta. Filta ndiyo iliyonificha ile manjano mwanzoni.

Kwa fundi nilibadilisha maelewano. Nilipomlalamikia alinijibu kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Dada, mimi unanilipa kubandika. Kusafisha hukusema." Kweli sikusema. Nikaongeza shilingi 1,000 kwa kila kisu, nikamnunulia kilo ya vitambaa vya pamba na chupa ya spiriti, tukaandika kwenye daftari kwamba kazi inapokelewa ikiwa safi, mwanga wa asubuhi. Yeye akaongeza masharti yake: visu visizidi vinne kwa mkupuo mmoja, kwa sababu akibandika vingi cha kwanza kinakuwa jiwe kabla hajafika cha mwisho. Nikaona ana akili kuliko mimi. Hiyo 1,000 nimeiingiza kwenye bei, na sijapoteza mteja kwa ajili yake.

Vile 12 vilivyorudi? Vitano niliviweka kama daraja la pili, nikapiga picha ya mkwaruzo yenyewe kwa karibu, nikashusha bei. Viliondoka siku mbili, mama ntilie mmoja wa Ng'ambo alichukua vitatu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nakata vitunguu, sijitazami humo." Vingine viwili viko jikoni kwangu. Vitano vilivyobaki bado viko kwenye boksi, maana niliviharibu na msasa mpaka nashindwa kuvipiga picha.

Na yule dada wa Dar nilimtafuta mwezi uliopita, nikamtumia video ya ubavuni ya mzigo mpya bila kumwambia nunua. Alikaa siku tatu kimya. Halafu akaandika: "Hapo kwenye ribiti ya pili zungusha tena nione." Nikazungusha. Ameagiza viwili.

Viwili tu, lakini nimevifunga asubuhi.